Seva ya ofisi ndogo Lamu: tuanzie wapi?

OfisiMkomani (mleta uzi)

Assalaam aleikum wadau. Naomba ushauri, na tafadhali mtu asinijibu kabla hajasoma hadi chini.

Ofisi yetu iko Mkomani, ghorofa ya kwanza ya nyumba ya kale. Tunakodisha nyumba kwa wageni na kupanga safari za majahazi. Tuna kompyuta sita: mbili za mapokezi, moja ya mhasibu, moja yangu, na laptopu mbili za vijana wanaoshinda njiani kati ya hapa na Shela. Kila mtu ana mafaili yake. Ukitaka mkataba wa mwenye nyumba, kwanza uulize ni nani aliyeuandika. Nakala ya pasipoti ya mgeni imo kwenye WhatsApp ya mtu aliyekwenda likizo. Hesabu zinazunguka kwa flashi. Na karibuni nyumba moja ilikodishwa kwa familia mbili tarehe zile zile, kwa sababu mapokezi wana jedwali lao na vijana wa Shela wana lao.

Tajiri amekubali tununue seva. Duka moja limetutumia bei ya mtambo wa kusimama, mzito, wenye pauasaplai mbili, diski nne na Windows Server. Bei yenyewe naona haya kumwonyesha tajiri. Je, kweli tunauhitaji?

Mwanagenzi

Mtambo ukifika Mokowe, gati la bara, nijulisheni, nije nitazame mahamali wakiupandisha hizo ngazi.

KaskaziUpepo

Dada, watu sita hawana haja ya seva. Fungueni akaunti za ofisi za Google au Microsoft, wekeni kila kitu huko, kwisha maneno. Chuma cha ofisini kitaliwa na chumvi, na siku kikifa mtamtafuta fundi mpaka Mombasa. Miaka hii nani bado ananunua seva?

FundiPwani

Wa aleikum salaam dada. Hizi ndizo kazi zangu, Malindi mpaka Lamu, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mnivumilie.

KaskaziUpepo ana haki, ila nusu. Shida yako ya nyumba moja kukodishwa mara mbili haitatibiwa na seva hata ya milioni. Hiyo ni kalenda. Iwe moja tu, iwe mtandaoni, ili kijana aliye Shela aione kwa simu wakati ule ule mapokezi wanapoiandika. Barua pepe vilevile ziacheni mtandaoni. Mtu asikudanganye uendeshe seva ya barua pepe ofisini. Ni kazi ya kutwa na kucha, na barua zako zitaishia kwenye kapu la taka la wateja.

Lakini mikataba, picha za nyumba, skani za risiti na hesabu, hivyo mnavitumia ofisini siku nzima na vingine ni vizito. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ulizorota sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Ofisi zenye mafaili ndani ziliendelea kuchapa mikataba. Zile zenye kila kitu nje zilikuwa zinatazama kiduara kikizunguka. Na sisi huku hatungoji kebo ikatike baharini, inatosha mtu kuchimba mtaro bara.

Kwa hiyo jibu langu ni seva ndogo ya mafaili, kalenda na barua pepe zikibaki nje. Huo mtambo wa duka usiununue. Umetengenezwa kwa chumba chenye kiyoyozi na mtu wa kuutunza, na wewe huna hata kimoja.

Sasa la maana. Pesa zako gawanya hivi: stima kwanza, bekapu (nakala za akiba) ya pili, waya wa tatu, kompyuta yenyewe mwisho. Watu wanafanya kinyume. Wananunua mashine ya kifahari kisha wanaichomeka kwenye kiendelezi cha mia tatu.

OfisiMkomani

Shukran sana. Stima kwanza kwa vipi? UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, tunayo moja chini ya meza ya mapokezi, inalia piipii kila siku.

FundiPwani

Inalia kwa sababu betri imekufa. Betri za risasi zilizomo kwenye UPS ndogo zinahesabiwa maisha yake kwenye joto la nyuzi 25. Kila joto likipanda nyuzi kama kumi, umri unakatika karibu nusu. Sasa tazama Lamu wakati wa kaskazi, chini ya meza, pamefungwa. Betri uliyoambiwa ni ya miaka minne, ukipata miwili shukuru.

Zamani Lamu ilikuwa na jenereta zake za dizeli. Siku hizi tuko kwenye gridi ya taifa kwa laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Stima ni nzuri kuliko zamani, sikatai, lakini hitilafu ya mbali sasa ni yetu pia. Agosti 25, 2023 ilizimika karibu Kenya nzima, na sisi ndani. Na kinachoua mashine si giza. Ni ile stima inaporudi kwa kishindo, ikaenda, ikarudi tena ndani ya dakika moja.

Nunua UPS yenye kirekebisha volti ndani, si ile ya bei ya chini kabisa inayopitisha stima vilevile ilivyo mpaka ikatike. Hakikisha ina tundu la USB. Waya huo wa USB unaunganishwa na seva, UPS inaiambia seva "betri imebaki kidogo", seva inajizima yenyewe kwa adabu. Ofisi nyingi wana UPS na huo waya uko ndani ya boksi, haujafunguliwa nailoni.

Hesabu yake ni nyepesi. UPS ndogo ina betri ya volti 12, ampea 7 kwa saa, yaani kama wati 84 kwa saa moja. Sanduku dogo la diski, ruta na swichi ya mtandao kwa pamoja hazivuki wati 40. Ukitoa hasara za njiani utapata saa moja na kitu. Inatosha kwa hitilafu nyingi. Mkitaka ofisi ifanye kazi stima ikipotea kutwa, hapo tafuteni betri ya lithiamu ya volti 12, ampea 100 kwa saa, na inveta. Hiyo inabeba mzigo huo huo siku nzima na usiku wake. Printa ya leza usiiweke kwenye UPS hata kwa dawa. Ikipasha moto inavuta umeme wote kwa mkupuo.

Na kabla ya yote, mwite fundi wa stima apime ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Nyumba nyingi za kale ziliwekwa stima kwa viraka, tundu lina pini tatu lakini ile ya tatu haiendi popote. Ukigusa sanduku la kompyuta ukahisi mtetemo kidoleni, ndio hiyo.

MhasibuMalindi

Naunga mkono. Ofisi yetu iko Malindi, karibu na bahari, na mimi ndiye niliyepewa mzigo wa kompyuta kwa sababu eti mhasibu anajua kila kitu.

Dada, hesabu zenu mnatumia programu gani? Kama ni programu yenye faili moja kubwa la data ambalo watu kadhaa wanalifungua kwa pamoja, msikubali hata siku moja lifunguliwe kwa wifi. Mtandao ukikatika sekunde mbili katikati ya kuandika, faili linaharibika, na hutajua mpaka mwisho wa mwezi mizania ikikataa. Mhasibu awe kwa kebo.

Na kama programu inataka kompyuta ya Windows iwe mwenyeji wa data, msinunue Windows Server kwa ajili ya hilo tu. Windows 11 Pro ya kawaida inaruhusu mashine nyingine hadi 20 kuingia kwenye folda zake kwa wakati mmoja. Nyie ni sita. Kama bado mna Windows 10, jueni msaada wake wa kawaida ulikwisha Oktoba 14, 2025.

FundiPwani

Umenirahisishia, bwana. Basi mpango nauona hivi dada.

Mafaili yakae kwenye sanduku la diski lenye nafasi mbili, lile mafundi wanaliita NAS. Synology wanalo, wengine pia wanalo. Linakuja na programu yake, unaliongoza kwa kivinjari, ukishalipanga halihitaji fundi kila wiki. Mimi binafsi napenda kuchukua kompyuta ndogo iliyotumika, kama HP EliteDesk Mini au ThinkCentre Tiny, nikaweka Debian (mfumo wa bure badala ya Windows) na Samba (programu ya kugawana folda), nisilipie leseni hata senti. Kazi inakuwa safi. Lakini nikiwa Garissa na sanduku lako limekwama, nani atakuja kuandika amri kwenye skrini nyeusi? Seva inunuliwe kwa kadiri ya mtu atakayeitunza.

Hiyo kompyuta ndogo iliyotumika nunua moja kwa ajili ya mhasibu, iwe mwenyeji wa programu ya hesabu. Kila usiku itume nakala ya data yake kwenye NAS. Ndani ya mipangilio yake ya kuwashia, ile unayoingia kabla Windows haijaamka, iambie ijiwashe stima inaporudi. Kama sivyo, asubuhi ya Jumatatu mtapiga simu kuuliza kwa nini hesabu hazifunguki, kumbe mashine imelala tangu Jumamosi.

Umeme nao ni pesa. Mtambo wa duka ukila wati 100 usiku na mchana, kwa mwaka ni uniti 876. NAS ya wati 20 ni uniti 175. Piga kwa bei ya tokeni zenu uone.

Diski: mbili za ukubwa mmoja, ziwe kioo cha mwenzake, moja ikifa nyingine inaendelea. Uliza muuzaji kama ni CMR au SMR, namna mbili za diski kuandika data; unayotaka ni CMR. SMR zinaandika mistari iliyolaliana, na siku utakapobadilisha diski mbovu, kujaza ile mpya kunachukua muda wa kukatisha tamaa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba hata Western Digital walikuwa wameziingiza SMR kwenye baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa mahsusi kwa NAS. Kwa hiyo usitazame rangi ya kibandiko tu, soma namba ya modeli.

KaskaziUpepo

Haya, na chumvi? Hilo hujaligusa.

FundiPwani

Nilikuwa naliendea.

Chumvi yenyewe ikiwa kavu haina neno sana. Tabu ni kwamba inavuta unyevu wa hewa. Vumbi la chumvi likikaa juu ya saketi, usiku linalowa, linakuwa maji ya chumvi membamba yasiyoonekana, na umeme unapata njia isiyo yake. Fungua kompyuta iliyokaa mwaka mzima kwenye dirisha la kuelekea bahari, chomoa kadi ya RAM, itazame kwenye mwanga. Kwenye ukingo wa vile vidole vya dhahabu utaona unga wa kijani. Feni ina ukoko wa kijivu unaonata. Kichwa cha kebo ya mtandao, pini moja au mbili zimegeuka nyeusi, na hiyo pini moja ndiyo inayofanya mtandao uwe unakuja na kupotea huku kila mtu akilaumu kampuni ya intaneti.

Kwa hiyo seva iwekwe chumba cha ndani kabisa, mbali na dirisha la baharini na mbali na kiwanda cha nyumba, yaani ule ua wa ndani. Nyumba zenu za kale zina faida hapo, vyumba vya nyuma vina kivuli na joto halipandi na kushuka ovyo. Ila msiiweke ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa kuwa panapendeza. Hakuna hewa. Iinueni juu ya rafu, si sakafuni, maana siku ya kuosha sakafu ni lazima ifike.

Tena msiizime usiku kwa kubana matumizi. Mashine yenye uvuguvugu haipati umande. Ile inayozimwa na kuwashwa ndiyo inayolowa.

Mkivuka kutoka Mokowe, boksi lifungwe nailoni mbili na likae katikati ya boti, si kwenye omo, kule mbele. Wimbi moja la kusi likirusha maji, dhamana imekwenda.

OfisiMkomani

Hapo kwenye kebo ndipo ninapoogopa. Ukuta wa hapa karibu nusu mita, mawe na chokaa. Wifi ya mapokezi haifiki kwa mhasibu, na ni chumba cha pili tu.

FundiPwani

Ndio maana nikasema waya ni wa tatu kwenye pesa. Hata ruta ya bei gani haitapenya huo ukuta. Pitisha kebo mpaka kila chumba, kisha kila chumba kiwe na kituo chake kidogo cha wifi kwa ajili ya simu.

Kutoboa usikimbilie. Drili yenye nyundo kwenye ukuta wa matumbawe na chokaa inatoa shimo la senti tano upande huu, upande wa pili linadondoka bonge la ukubwa wa sahani. Fuata matundu yaliyopo, pale stima ilipopita, au pita juu ya milango kando ya boriti kwa mfereji wa plastiki. Upande wa nje wa nyumba msiguse kabla ya kuongea na watu wa Makumbusho. Mji huu umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na hawapendi kuona kebo nyeusi zikining'inia mbele ya nyumba. Wana haki.

Kebo iwe Cat6 ya shaba tupu. Sokoni imejaa ile ya alumini iliyopakwa shaba, ni nyepesi na ni rahisi. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja. Ukiona weupe ndani, irudishe. Kwa hewa ya hapa alumini inakuwa unga kwenye kiungo, na utabaki unatafuta tatizo ambalo halionekani. Kebo moja isizidi mita 100, ingawa kwa nyumba yenu hamtafika huko.

MhasibuMalindi

Naomba niingize jambo la sheria, maana mafundi huwa hawalisemi.

Nyie mna nakala za pasipoti. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hizo ni data za watu na mna wajibu nazo. Watu wanasema biashara ndogo haihitaji kujisajili kwa Kamishna wa Data, na kweli kanuni za 2021 zinasamehe biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni tano kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi. Lakini msamaha huo hauzigusi kazi kadhaa zilizotajwa, na biashara za ukarimu kwa wageni zimo, pamoja na usimamizi wa nyumba na mali. Kwa maelezo yako, dada, nyie mmo. Data zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika milioni tano au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, iliyo ndogo kati ya hizo.

Kumbukumbu za kodi nazo, sheria inataka zihifadhiwe miaka mitano. Kwa hiyo ukipanga folda, panga kwa mwaka, na mwaka uliofungwa ufanye wa kusomwa tu, mtu asiweze kubadili.

OfisiMkomani

Hilo la pasipoti limenitisha. Kwa hiyo kila mtu awe na nywila yake?

FundiPwani

Kila mtu, hata tajiri. Hasa tajiri. Nywila moja ya ofisi nzima iliyobandikwa ukutani si nywila. Folda ya pasipoti waione mapokezi na wewe basi, na wageni wakishaondoka na muda wa kuzihitaji umepita, zifutwe. Usichokuwa nacho hakivuji.

Sasa bekapu, na hapa naomba msome taratibu. Diski mbili zinazoakisiana si bekapu. Ukifuta faili kwenye moja, limefutika kwenye zote mbili sekunde ile ile. Virusi vikifunga mafaili, vimefunga kote. Kioo kinakuokoa na diski mbovu, basi.

Kwanza washa picha za muda (snapshot) kwenye NAS, yaani ikumbuke mafaili yalivyokuwa, kila saa moja mchana. Mtu akiharibu jedwali saa nne, unarudisha la saa tatu. Pili, nunueni diski mbili za nje za USB, zenye kufungwa kwa nywila. Moja iko kwenye NAS inapokea nakala kila usiku, nyingine iko nyumbani kwa mtu, tena mtaa mwingine. Kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali mnabadilishana. Mtaa mwingine nimesema makusudi: nyumba zimeshikana, na gari la zimamoto haliingii vichochoroni. Tatu, yale mafaili machache ambayo ofisi haiishi bila yake, mikataba na hesabu, yatumwe pia mtandaoni usiku. Hayo si mazito.

Kisha kila mwezi mtu achague faili moja alirudishe kutoka kwenye diski ya nje na kulifungua. Asiangalie taa ya kijani tu, alifungue.

KaskaziUpepo

Na vijana wa Shela wataingiaje? Msije mkawaambia wafungue mlango (port) kwenye ruta, wa kuingilia kutoka intaneti.

FundiPwani

Wala! Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizunguka dunia kwa kupitia mlango namba 445, ule ule wa folda za Windows. Januari 2022 virusi vya Deadbolt vilifunga masanduku ya NAS ya kampuni ya QNAP yaliyokuwa wazi kwa intaneti. Usifungue mlango wowote.

Wala huenda usiweze hata ukitaka. Intaneti ya simu, na Starlink ya kawaida iliyokuja Kenya Julai 2023, inakupa anwani ya mtandao mnayoshirikiana na wateja wengine. Ukiona anwani ya ruta upande wa nje inaanzia 100.64 hadi 100.127, ndio hiyo. Tumieni VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, inayojengwa kutoka ndani kwenda nje, kama Tailscale. Mnaiweka kwenye NAS na kwenye hizo laptopu mbili, kijana akikaa Shela anaona folda kama yuko Mkomani. Laptopu ikipotea, mnaifuta kwenye orodha siku hiyo hiyo.

OfisiMkomani

Maashallah. Nimempelekea tajiri uzi wote. Amekubali NAS, UPS mpya, kebo, na kompyuta ndogo ya mhasibu, na jumla yake haifiki hata nusu ya bei ya ule mtambo. Fundi wa stima anakuja wiki ijayo kupima ethi. Swali moja la tajiri: kamera za ulinzi anataka zirekodi humo humo kwenye NAS, kwa kuwa ina nafasi.

FundiPwani

Mwambie nafasi si yake. Kamera nne zinaandika bila kupumzika usiku na mchana, zitachosha diski za ofisi, na siku nafasi ikijaa mkataba wa mgeni hautahifadhika ilhali mnarekodi paka wakipita ngazini. Zinunuliwe kirekodi chake, diski yake, na zikae kwenye swichi yake. Na kirekodi hicho nacho kisifunguliwe mlango wa nje.

Mwanagenzi

Paka wa Lamu wasirekodiwe bila idhini, Kamishna wa Data atakuja.